Siku mtama ulipopanda roketi pamoja na setilaiti ya Uganda

SWALI lilitoka benchi la nyuma. Nilikuwa nimemaliza kuwaeleza wanafunzi wangu wa darasa la sita hapa Koboko kwamba kuna watu wanaoishi angani, ndani ya kituo kinachoizunguka dunia mara 15 au 16 kwa siku, na kwamba kuna mpango wa siku moja kuwapeleka wengine hadi sayari ya Mirihi. Mvulana mmoja, ambaye baba yake huvusha bidhaa kati ya hapa na soko la Ariwara upande wa Kongo, akainua mkono.

"Mwalimu, hao watu unga ukiwaishia huko juu, wananunua wapi?"

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka. Wataalamu wa Marekani, Urusi, Japani na China wamelihangaikia swali hilo kwa zaidi ya miaka 40, na huyu mtoto wa mfanyabiashara wa mpakani amelifikia kwa dakika moja.

Hebu tuifanye hesabu kama wafanyabiashara. Mwanaanga mmoja hutengewa karibu kilo 1.8 za chakula kwa siku, pamoja na vifungashio vyake. Safari ya Mirihi huchukua miezi 6 hadi 9 kwenda tu. Ukishafika huwezi kugeuza gari siku hiyo hiyo. Ni lazima ungoje hadi dunia na Mirihi zikae vizuri tena, jambo linalotokea takriban kila miezi 26. Anayekosa basi la Kampala pale stendi ya Arua hulala akaondoka kesho yake. Huko ukikosa zamu yako umekosa kweli. Kwa jumla ni safari ya karibu miaka 3. Watu wanne kwa muda huo wanahitaji karibu tani 8 za chakula. Hiyo ni Fuso moja iliyojaa hadi turubai likavimba, na nauli ya kuipandisha angani huhesabiwa kwa maelfu ya dola kwa kila kilo.

Hata nauli hiyo ikilipwa, shida haijaisha. Chakula cha pakiti kikikaa miaka mingi kinaweza kubaki salama bila kuoza, lakini vitamini zake hupungua, hasa vitamini C na ile ya B1. Mabaharia wa zamani walikufa kwa ugonjwa wa fizi huku mapipa yao yana nyama na biskuti. Kwa hiyo msafiri wa Mirihi atalazimika kulima, angalau mboga.

Msomaji wa Odramachaku au wa Oraba anaweza kuuliza: haya yanatuhusu nini sisi ambao hata barabara zetu bado zina mashimo? Nami ningeuliza hivyo hivyo kama si jambo lililotokea tarehe 7 Novemba 2022.

Siku hiyo roketi iitwayo Antares iliruka kutoka Wallops, jimbo la Virginia, Marekani. Ilikuwa iruke siku moja kabla, lakini king'ora cha moto kilialia katika chumba cha waongozaji na safari ikaahirishwa. Roketi hiyo ilibeba chombo cha mizigo kilichopewa jina la Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani. Chombo chenyewe kilisafiri kwa taabu kwa sababu bawa lake moja la kupokea nguvu za jua lilikataa kufunguka, lakini Novemba 9 kilifika kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu na bawa moja tu.

Katika mizigo hiyo ndimo ilimokuwa PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda. Ni kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, kilichoundwa na wahandisi wetu watatu, Edgar Mujuni, Bonny Omara na Derrick Tebusweke, katika chuo cha teknolojia cha Kyushu nchini Japani. Tarehe 2 Desemba mwaka huo kiliachiliwa kutoka kituoni kikaanza kuzunguka peke yake, na kituo cha Mpoma kule Mukono kikawekwa tayari kupokea habari zake. Vijisanduku vya aina hiyo havina maisha marefu, kwani baada ya muda hushuka vikaungua. Lakini Uganda ilikuwa imefika.

Redio zote zilitangaza habari ya setilaiti. Jambo ambalo wengi hawakulisikia ni kwamba katika chombo hicho hicho kulikuwa na abiria mwingine tunayemfahamu zaidi kuliko setilaiti: mbegu za mtama.

Zilipelekwa na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la chakula na kilimo, FAO, na lile la nguvu za atomiki, IAEA, ambayo yana maabara ya pamoja pale Seibersdorf, karibu na Vienna, Austria. Pamoja na mtama kulikuwa na mbegu za Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali ambao wanasayansi huutumia kwa majaribio kama sisi walimu tunavyoutumia ubao. Baadhi ya mbegu ziliwekwa ndani ya kituo, nyingine nje kabisa, kwenye baridi kali, joto kali na mionzi isiyozuiwa na hewa ya dunia. Mwaka 2023 zilirudishwa.

Niseme wazi ili nisieleweke vibaya: mtama ule haukupelekwa ili wanaanga wapike ugali. Ulipelekwa ukapate misukosuko. Mionzi hugusa vinasaba vya mbegu na kuvibadilisha, na mbegu hizo zikipandwa, mimea inayoota hutofautiana. Mingi huwa dhaifu. Mmoja mmoja huwa na jambo jipya, pengine kustahimili ukame, au ugonjwa, au joto. Kazi ya mtaalamu ni kuutafuta huo mmoja, kizazi baada ya kizazi, na kazi hiyo si ya msimu mmoja. Mbinu yenyewe ni ya zamani na hapa duniani hutumia mashine za mionzi. Majirani zetu wa Kenya wameshaila faida yake. Ugonjwa wa kutu wa ngano ujulikanao kama Ug99, ambao umepewa jina la Uganda kwa sababu uligunduliwa hapa mwaka 1998 na kutambuliwa rasmi 1999, ulitisha mashamba ya dunia nzima. Mwaka 2014 Kenya ilitoa ngano iitwayo Eldo Ngano 1, inayoustahimili, na ilipatikana kwa njia hii hii ya mionzi, kazi ya Chuo Kikuu cha Eldoret wakisaidiwa na IAEA.

Jioni ile nilimsimulia mama yangu. Ana zaidi ya miaka 70 na bado analima. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kwa hiyo mtama wamekwenda kuutesa ili uwe mgumu."

Nikamwambia, ndiyo Mama, kwa kifupi ni hivyo.

"Wangetuuliza sisi," akasema, akarudi kwenye chungu chake.

Kibuyu cha Mama

Mama alivuka mpaka Oktoba 1980, vita viliporudi Koboko na Arua. Mimi nilikuwa na miaka 3, kwa hiyo ninayoyajua ni yale aliyonisimulia. Mgongoni alinibeba mimi. Kichwani alikuwa na sufuria, na ndani ya sufuria kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi. Kibuyu hicho kilikuwa na mbegu za mtama upande mmoja na kunde upande mwingine, zimetenganishwa kwa kitambaa na kuchanganywa na majivu ili zisiliwe na wadudu. Alikichukua kutoka uchagani, juu ya moto, mahali ambapo moshi huilinda mbegu.

Walifikia upande wa Ingbokolo, katika eneo la Aru, Zaire ya wakati huo. Wenyeji ni Wakakwa kama sisi, mpaka ulichorwa katikati yetu, na waliwapa kipande cha ardhi. Lakini njaa ilifika kabla ya mvua. Jamaa waliokuwa naye walimshauri azitwange zile mbegu wale. Mama anakiri kwamba alizipika nusu. Nusu nyingine aliificha hata kwa ndugu zake wa damu, na mvua ya kwanza iliponyesha akapanda kunde kabla ya mtama.

"Kwa nini kunde kwanza?" nilimwuliza nikiwa mkubwa.

"Kwa sababu mtama unakungojesha," alisema. Kunde haikungojeshi. Majuma matatu au manne baada ya kupanda unachuma majani, yale ambayo Walugbara huyaita osubi. Unachuma leo, yanachipua tena. Miezi miwili au mitatu unapata maganda mabichi, kisha kunde zenyewe kavu, na mabaki anakula mbuzi. Mtama ulikuja baadaye, wakati tumbo lilishatulia.

Nilisoma shule ya msingi na sehemu ya sekondari huko huko, kwa Kifaransa na Lingala darasani na Kiswahili sokoni. Kila wiki tulifanya salongo, kazi ya mikono ya enzi za Mobutu, na asiyekuja na jembe alirudishwa nyumbani. Niliporudi Uganda mwaka 1993 nilikuwa kijana asiyejua Kiingereza. Leo serikali imeamua, tangu Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, na sisi tuliokiokota uhamishoni tumepata kazi ya ziada. Lakini hayo ni mengine.

Nimeisimulia habari ya kibuyu kwa sababu niliposoma jinsi wataalamu wanavyochagua mimea ya kupeleka angani, niliona masharti yale yale ya Mama. Mmea uwe mfupi, usichukue nafasi. Ukue upesi. Sehemu kubwa yake iliwe, si uvune punje kidogo na kutupa bua zima. Usihitaji kuni nyingi, na ikiwezekana uliwe mbichi. Uchume leo na kesho uchume tena.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, waliipima kunde kwa ajili ya mashamba ya angani. Walichokipima hasa ni hiki: mavuno yatakuwaje ukichuma majani, au ukiacha hadi upate punje, au ukifanya yote mawili? Mwanamke yeyote wa Yumbe au Maracha angeketi nao akawasaidia.

Viazi vitamu navyo vimo. Chuo Kikuu cha Tuskegee, Alabama, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, kilianza katikati ya miaka ya 1980 kuvilima bila udongo, mizizi ikilala katika mfereji mwembamba wenye maji na mbolea, kwa niaba ya shirika la anga la Marekani, NASA. Julai 1999 vipande vya marando vya Tuskegee vilisafiri katika chombo Columbia kuona kama vitatoa mizizi mahali pasipo na uzito. Vilitoa. Kiazi kitamu kina sifa ambayo kiazi ulaya hakina, nayo ni kwamba majani yake, matembele, ni mboga. Na kile chenye nyama ya rangi ya chungwa kina kitu kinachogeuka vitamini A mwilini. Mwaka 2016 Mganda Robert Mwanga, pamoja na wenzake watatu, walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi ya lishe ambayo kiini chake kilikuwa hicho kiazi cha rangi ya chungwa. Kinauzwa kando ya barabara zetu, na bado kuna wanaokiita chakula cha wagonjwa.

Na muhogo, ambao bila huo hakuna enyasa na hakuna West Nile? Muhogo unaanguka mtihani huu. Unakaa shambani mwaka mzima, mti wake ni mrefu, na aina ile chungu ina sumu inayotaka kulowekwa na kuanikwa. Angani hakuna uwanja wa kuanika. Hata hivyo sitaki mtu auone muhogo ni mjinga. Wakati wa vita ghala la mtama liliweza kuchomwa kwa kiberiti kimoja. Shamba la muhogo haliungui, chakula kimejificha ardhini. Waliorudi mwishoni mwa miaka ya 1980 walisimulia jinsi walivyokuta mihogo mizee, migumu kama kuni, ikiwangoja. Kila safari ina mmea wake.

Maji yasiyoshuka

Sasa turudi kituoni, tuone wanalimaje. Mwaka 2014 NASA ilipeleka bustani ndogo iitwayo Veggie, yenye ukubwa wa sanduku la nguo, ambayo kwa kawaida hubeba mimea sita. Juu yake kuna taa nyekundu, bluu na kijani, hivyo bustani nzima huonekana ya waridi kama disko. Mimea haipandwi kwenye udongo wa kawaida bali katika vifuko vilivyojaa chembe za udongo uliochomwa, pamoja na mbolea inayoyeyuka polepole. Mbegu hushikizwa kwenye utambi, nao ndio huvuta maji.

Kwa nini utambi? Kwa sababu angani maji hayashuki. Hapa ukimwaga maji juu ya mche yanakwenda chini yenyewe, hewa inaingia nyuma yake na mizizi inapumua. Kule maji hujikunja kama mpira na kuung'ang'ania mzizi mpaka ufe kwa kukosa hewa. Hata harufu ni tatizo. Mimea hutoa gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha ndizi ukizifunika, na katika chumba kilichofungwa gesi hiyo hujikusanya na kuizeesha mimea mapema. Lazima feni ifanye kazi ya upepo.

Saladi ya kwanza iliyovunwa mwaka 2014 wanaanga hawakuruhusiwa kuila. Iligandishwa na kurudishwa duniani kupimwa vijidudu. Ilikuwa mpaka tarehe 10 Agosti 2015 ndipo Scott Kelly, Kjell Lindgren na Mjapani Kimiya Yui walipoonja saladi nyekundu iliyokua kwa siku 33, kwa mafuta kidogo na siki. Hata hapo nusu ilibakizwa kwa uchunguzi. Nilipomweleza Mama jambo hilo alikumbuka alivyotufukuza sisi watoto tusiguse kunde za mbegu.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha maua ya zinia, mwishoni mwa mwaka huo huo. Maua hayo yaliwekwa kwa majaribio kabla ya kujaribu nyanya. Maji yalizidi, majani yakajikunja, ukungu ukaota. Scott Kelly alikuwa akimwagilia kwa ratiba iliyotoka duniani. Akawaambia waziwazi kwamba yeye ndiye anayeyaona maua kwa macho, na aachiwe aamue lini yanahitaji maji, kama mtu yeyote anavyofanya na bustani yake. Wakakubali. Walimtumia ukurasa mmoja tu wa maelezo, na Januari 2016 maua yakachanua. Ningependa ukurasa huo ubandikwe katika kila ofisi ya kilimo ya wilaya, tukianzia na zile ambazo hutuma ratiba ya kupanda baada ya mvua kuondoka.

Tangu hapo wamelima mengi. Mwaka 2021 walivuna pilipili zilizokaa siku 137. Mwaka 2022 Wachina, katika kituo chao wenyewe, walilima mpunga kutoka mbegu hadi mbegu kwa siku 120 na kuurudisha mchele duniani Desemba mwaka huo. Mwaka 2023 Frank Rubio alipoteza nyanya moja ndogo aliyoivuna, wenzake wakamtania kwa miezi kwamba ameila kwa siri. Nyanya ilionekana Desemba, imesinyaa, yeye akiwa ameshateremka. Inasemwa kama kichekesho, lakini mtu aliyekaa kambini siku ya mgao anajua uzito wa kudhaniwa umekula cha wote.

Nilipokuwa nasoma habari ya tambi na vifuko nilikumbuka kambi ya Lobule, hapa hapa Koboko, inayohifadhi wakimbizi kutoka Kongo tangu 2013. Mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020 kwa kukosa fedha za wafadhili. Viwanja ni vidogo, kwa hiyo watu hulima katika magunia. Unachukua kopo lililotobolewa juu na chini, unalisimamisha katikati ya gunia na kulijaza kokoto, kandokando unajaza udongo na samadi, kisha unalivuta kopo juu na kuendelea hivyo mpaka nguzo ya kokoto ifike mdomoni. Maji unayamimina kwenye kokoto, nayo husambaa polepole hadi chini. Ubavuni mwa gunia unatoboa matundu na kupachika miche. Gunia moja linabeba miche mingi, na maji ya kuoshea vyombo yanatosha.

Mama mmoja wa Kikongo aliyenionyesha gunia lake hakutaka kusikia habari ya anga. Alichotaka ni kimoja. "Mwalimu, mbegu ya kunde ya majani mapana, ile ya kwetu, unaweza kuniletea ukienda Ariwara?"

Punje mia moja

Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Mbegu ya Mama ilivuka mpaka mara mbili, kwenda na kurudi, ndani ya kibuyu. Leo ukizunguka Koboko utapata mbegu za pakiti, nyingi zikiwa za mahindi na mboga za kigeni, na utapata punje za kula zinazouzwa kama mbegu. Msimu mmoja nilinunua kilo ya mbegu iliyopakwa rangi, katika duka ambalo sitalitaja. Nilipanda robo ekari. Iliota hapa na pale kama meno ya mzee. Niliporudi dukani niliambiwa ni jua. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo.

Kisheria mbegu inayovuka mpaka hutakiwa kuwa na hati ya afya ya mimea kutoka Wizara ya Kilimo, na sababu yake naielewa, kwa maana magonjwa husafiri na mbegu. Lakini mkimbizi anayevuka usiku hana hati, na mwanamke anayefunga vikombe viwili vya kunde kwenye pembe ya leso haoni kwamba amefanya biashara. Kati ya sheria ile na leso hii pana nafasi kubwa, na wachuuzi wa mbegu bandia wamejaa humo. Kwa maoni yangu wafanyabiashara wa mpakani wanaweza kuipunguza kuliko ofisi yoyote, kwa kukataa kununua mbegu wasiyoipima. Wanajua kupima dhahabu na kahawa. Mbegu ni rahisi zaidi.

Chukua punje 100 bila kuchagua. Zipange kwenye kitambaa chenye unyevu, kikunje, kiweke kivulini ndani ya sahani, na usikiache kikauke. Baada ya siku 5 hadi 7 fungua uhesabu zilizoota. Zikiwa 80 au zaidi, nunua. Zikipungua hapo, ama punguza bei ama ondoka. Zikiwa chini ya 50, hicho ni chakula cha kuku.

Tunazo taasisi za kuulizia. Pale Abi, karibu na mji wa Arua, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha kanda yetu. Mtama wenyewe hushughulikiwa Serere, huko Teso, ambako zilitoka aina kama Sekedo na Epuripur, hii ya pili nyeupe na inayopendwa na watengeneza bia. Siku mtama wa Seibersdorf utakapozaa aina ya kugawiwa wakulima, ni kupitia vituo kama hivyo utakapofika kwetu, kama tutakuwa tumeuomba.

Mama aliuliza swali hilo hilo kwa namna yake. "Huo mtama uliorudi, nitaupata msimu upi?" Nikamweleza kwamba uteuzi huchukua miaka. Akafikiri kidogo. Kisha akapanda kwenye kigoda, akaingiza mkono uchagani na kuteremsha kibuyu. Si kile cha 1980, kile kilishapasuka, lakini kunde zilizomo ni wajukuu wa kunde zile. Akanihesabia mia moja mkononi, moja moja.

"Wapelekee watoto wako wapime."

Tulizipima darasani. Tulizikunja Jumatatu, na Jumatatu iliyofuata mvulana wa benchi la nyuma ndiye aliyefungua kitambaa na kuhesabu kwa sauti, darasa zima likimfuata. Themanini na saba. Akaandika ubaoni, akatoa 87 katika 100, akageuka kunitazama.

"Mwalimu, na hizi 13, Mama yako ataturudishia?"